Barua ya wazi kwa wanaoendesha gemu za wingu: tuambieni gemu zetu ziko wapi

Kwenu wakuu wa kampuni zinazotiririsha gemu kupitia wingu,

Salaam, na poleni na kazi.

Mimi ni mteja wenu wa miaka kadhaa. Kwa sasa nalipia huduma mbili kila mwezi. Nyingine niliyowahi kulipia ilishafungwa, na nyingine tena niliachana nayo baada ya kisa nitakachowasimulia huko mbele. Nataka hiki mnachokijenga kisimame na kidumu, na sina nia ya kumpigia mtu kelele za bure. Lakini kila tarehe ya malipo inapokaribia nasita, kidole kiko juu ya kitufe cha kusitisha usajili, na kusita kwangu kuna sababu ambazo ni nyinyi tu mnaoweza kuziondoa.

Nianze na usiku wa kwanza, maana ndio ulionifunga kwenu. Nilikuwa na kompyuta mpakato ya zamani, ya kuandikia na kusomea barua pepe, haina kadi ya michoro ya maana, na feni yake ilikuwa inaanza kuunguruma ukifungua tu vichupo sita vya kivinjari. Nikaingia kwenye huduma, nikachagua gemu kubwa ambayo kuisakinisha kungehitaji zaidi ya gigabaiti mia moja, nafasi ambayo diski yangu haikuwa nayo. Nikangoja. Haikufika dakika moja. Mara mvua ikaanza kunyesha kwenye barabara ya mji wa usiku, taa zikimetameta kwenye madimbwi, na mhusika wangu amesimama katikati anasubiri nimwambie aende wapi. Nikaweka kiganja chini ya kompyuta. Ilikuwa ya baridi. Feni ilikuwa kimya kabisa.

Mdogo wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi nyuma yangu. Akainuka.

"Kaka, hii kompyuta umeifanyia nini?"

"Sijaifanyia kitu. Gemu haiko humu."

"Sasa iko wapi?"

Nikamjibu kwa furaha kwamba iko mbali, kwenye mashine ya watu, na sisi tunaletewa picha tu. Tukacheza hadi alfajiri tukipokezana pedi. Swali lake sikulitilia maanani usiku ule. Limenirudia mara nyingi tangu hapo, na barua hii yote ni swali hilo hilo nalileta kwenu.

Najua kazi yenu ni ngumu, na sitaki mdhani nawalaumu kwa mambo yasiyo na dawa. Nikibonyeza kitufe cha kuruka, amri inasafiri hadi kwenye seva yenu, gemu inaisoma, inachora picha mpya, picha inabanwa kuwa video, inarudishwa kwangu, kifaa changu kinaifungua na kuionyesha. Gemu inayokwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde inaipa kila fremu milisekunde 16 na ushei. Anayetiririsha filamu ana nafuu kubwa: anaweza kutuma sekunde kadhaa za mbele zikakaa akiba, na mtandao ukiyumba mtazamaji hata hajui. Nyinyi hamna akiba hiyo, kwa sababu picha inayofuata haijachorwa mpaka mimi niamue kwenda kushoto au kulia. Halafu kuna umbali wenyewe. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 1,000 kutoka nilipo, kwenda na kurudi tu kunakula milisekunde 10, kabla ya ruta, kabla ya kubana video, kabla ya televisheni kufanya mambo yake. Kwamba mmeweza kuifikisha picha ile kwenye kompyuta yangu chakavu nikaona kama iko mkononi mwangu, ni kazi ya ajabu. Wahandisi wenu wanastahili pongezi na ninazitoa bila kinyongo.

Ndiyo maana inaniuma kuona mnavyoieleza kazi hiyo kwa mteja. Ukurasa wa malipo unaniuliza kitu kimoja tu: una megabiti ngapi? Google walipoizindua Stadia, huduma yao ya gemu za wingu, mwaka 2019 walitangaza megabiti 10 kwa sekunde kama kiwango cha chini, na 35 kwa picha ya 4K. Wengine nao wana namba zao. Lakini megabiti hupima upana wa bomba. Kinachotuangusha sisi ni muda ambao tone moja la maji linachukua kufika, na kibaya zaidi, muda huo kubadilikabadilika.

Kuna shimo moja kwenye gemu ya kurukaruka majukwaa ambalo silisahau. Mchana nilikuwa nalivuka bila shida, kwa sababu ubongo unazoea: nilijifunza kubonyeza mapema kidogo, kama mtu anayempigia mwenzake pasi mbele ya alipo. Ilipofika usiku, kila nyumba imewasha chake, kuchelewa kule kukawa hakuna kipimo. Mara hii mhusika anaruka nikiwa bado nakimbia, mara hii anabonyezewa na anakaa kama hajasikia, anatembea hadi ukingoni na kutumbukia, na amri yangu ya kuruka inamfikia akiwa tayari yuko chini. Nilianguka mara kumi na nne. Nilihesabu. Kipimo cha kasi kwenye simu yangu wakati ule ule kilionyesha megabiti za kutosha na kubaki.

Kwa hiyo wekeni kipimo cha kweli, na kiwekeni kabla ya kuchukua pesa. Kinipimie kuchelewa kwa nusu saa, kinionyeshe na jinsi kunavyopanda na kushuka, kisha kiniambie kwa maneno ya kawaida: ukiwa hapo ulipo, gemu za mafumbo na za mikakati zitakwenda vizuri; za mbio za magari utazifurahia; za kupigana ana kwa ana usijaribu. Mchezaji wa gemu za kupigana anahesabu fremu. Milisekunde 50 ni fremu tatu, na fremu tatu zinatosha kumfanya aliyekinga apigwe. Mtu huyo mkimwambia ukweli mapema atawaheshimu na kurudi siku mtakapomjengea seva karibu. Mkimficha, atasimulia kila mahali kwamba gemu za wingu ni utapeli, na atakuwa anaamini anachosema.

Na mtuonyeshe matumizi ya data pale pale kwenye skrini. Megabiti 10 kwa sekunde kwa saa moja ni gigabaiti 4.5. Megabiti 35 ni karibu gigabaiti 16. Anayecheza saa mbili kila siku kwa kiwango kile cha chini amekula gigabaiti 270 kwa mwezi. Mnapomwambia mtu hana haja ya kununua mashine ya bei, mwambieni pia kwamba sehemu ya gharama ile imehamia kwenye bando lake.

Hayo ni ya kila siku na naamini yanarekebishika. Sasa nije kwenye lile linaloninyima raha.

Miaka mingi kabla ya wengi wenu kuingia kwenye biashara hii, OnLive walianza kutiririsha gemu Marekani, mwaka 2010. Watu waliona wakati ujao umefika. Agosti 2012 kampuni ilianguka na wafanyakazi wakaachishwa kazi. Huduma ikasukumwa sukumwa chini ya mwenye mali mwingine, na tarehe 30 Aprili 2015 ikazimwa, hataza zake zikiwa zimenunuliwa na Sony. Waliokuwa wamenunua gemu mle hawakuweza kuzicheza tena. Hazikuharibika, hazikuibiwa. Mlango ulifungwa tu, na zilikuwa upande wa pili wa mlango.

Kisha Stadia. Machi 2019 mkuu wa Google, Sundar Pichai mwenyewe, alisimama jukwaani San Francisco, na tarehe 19 Novemba mwaka huo huduma ikafunguliwa katika nchi 14. Nitasema bila kuficha: ilikuwa nzuri. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, kwenye konsoli za kizazi cha nyuma ilikuwa inaanguka anguka kiasi kwamba Sony waliiondoa kwenye duka lao la PlayStation siku chache baadaye. Aliyeicheza kwa Stadia, kwenye kompyuta hafifu kama yangu, aliicheza vizuri. Sijui tangazo gani lingeweza kuwafanyia kazi kuliko wiki ile. Miezi miwili haijaisha, Februari 2021, Google wakafunga studio zao za ndani za kutengeneza gemu za Stadia. Tukaanza kutazamana. Mwishoni mwa Julai 2022 akaunti rasmi ya Stadia ikatuambia hadharani kwamba Stadia haifungwi. Tarehe 29 Septemba 2022, miezi miwili tu baada ya neno lile, wakatangaza kwamba inafungwa. Watengenezaji kadhaa waliokuwa wanaandaa gemu zao kwa ajili ya Stadia walisema wazi kwamba walipata habari pamoja na sisi wengine. Tarehe 18 Januari 2023 ikazimwa. Siku 111 tangu tangazo.

Sasa, Google walifanya jambo ambalo nataka kila mmoja wenu alisome mara mbili. Walirudisha pesa za vifaa vyote vya Stadia vilivyonunuliwa kwenye duka lao, na pesa za gemu zote na nyongeza zake zilizonunuliwa ndani ya Stadia. Mwezi ule wa kufunga wakatoa na njia ya kuifungulia pedi yao Bluetooth, ili isigeuke kipande cha plastiki. Ubisoft, watengenezaji wa gemu, nao waliwapa walionunua gemu zao mle njia ya kuzipata kwenye kompyuta. Ni mfano mwema na nawashukuru wote waliouamua.

Lakini ulikuwa hiari. Ulitokana na kampuni tajiri kuliko karibu kampuni zote duniani kuamua kuondoka kwa heshima. Hakuna aliyeujua siku anapolipa. Aliyenunua gemu ya Stadia mwaka 2020 hakuwa na karatasi yoyote mkononi inayosema akifungiwa atarudishiwa, na mteja wa OnLive wa mwaka 2015 alijifunza kwamba kampuni ikiondoka na mfuko mtupu hakuna cha kurudishwa. Mimi leo, nikilipia huduma ya kampuni isiyo na ukubwa wa Google, nasimama upande gani? Nimesoma masharti ya huduma zenu mbili ninazolipia, mstari kwa mstari. Yote mawili yanawapa nyinyi haki ya kusitisha huduma. Sikuona sentensi moja inayosema mimi nitabaki na nini.

Kisa nilichowaahidi ni hiki. Mdogo wangu, yule yule wa kwenye kochi, alipenda gemu ya kujenga mji. Kwa miezi minane alijenga mji wake kwenye huduma moja ambayo sitaitaja. Alianza na barabara mbili na mtambo wa umeme, akamaliza na reli ya chini ya ardhi, bandari, uwanja wa ndege, na daraja refu lililovuka ghuba ambalo alilipa jina la mama yetu. Alikuwa na daftari la kweli, la karatasi, alimochora ramani ya vitongoji kabla ya kuvijenga. Siku moja gemu ile ikawekewa alama kwamba itaondoka kwenye huduma. Wiki mbili. Tukatafuta jinsi ya kulitoa faili lake la mchezo, ili siku tukipata kompyuta nzuri tuinunue gemu ile na kuendelea. Hatukupata. Nikawaandikia wahudumu wao. Jibu lilikuja la adabu kabisa, likisema data za mchezo zinahifadhiwa kwenye mfumo wao na hazipakuliki.

Siku ya mwisho dogo alicheza kwa saa nne. Hakujenga kitu. Aliisogeza kamera polepole juu ya mji wote, mtaa kwa mtaa, akipiga picha za skrini. Kesho yake asubuhi mstari ule wa gemu ulikuwa haupo kwenye orodha, kama haujawahi kuwepo. Akaniuliza tena, safari hii bila shangwe:

"Kaka, mji wangu uko wapi?"

Hapo ndipo nilipoacha kulipia huduma ile. Pesa hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na jibu, na nilijua kuna mtu mahali fulani mwenye jibu: faili lile lilikuwa bado limekaa kwenye diski ya mashine ya mtu, na hakuna aliyeona umuhimu wa kuweka kitufe cha kulipakua.

Najua mtanijibu kwamba watu wanasikiliza muziki na kutazama filamu kwa utaratibu huu huu, na nyimbo nazo huondolewa. Ni kweli. Lakini wimbo ukiondolewa mimi sijaacha kitu changu ndani yake. Gemu ina saa zangu. Ina maamuzi yangu, makosa yangu, jina nililompa farasi. Mwenye gemu anamiliki gemu, sibishi. Ule mji ulijengwa na mdogo wangu.

Mtasema pia kwamba mikono yenu imefungwa na mikataba ya wenye gemu. Hilo nalielewa, na tuliliona wazi Februari 2020, GeForce Now, huduma ya wingu ya Nvidia, ilipotoka kwenye majaribio na kufunguliwa kwa wote. Ndani ya wiki moja hivi gemu za kampuni ya Activision Blizzard zikaondolewa, wenye gemu wengine, Bethesda na 2K, wakafuata, ingawa wachezaji walikuwa wamezinunua gemu zile wenyewe kwenye maduka kama Steam na walichokodi kilikuwa mashine tu. Nilikasirika kama wengine. Lakini angalieni kilichotokea upande wa mteja: gemu zake zilibaki kwenye akaunti yake ya Steam. Alipoteza njia moja ya kuzifikia, na siku akipata kompyuta yake zinamsubiri. Kwa mtazamo wangu huo ndio mpango wa haki kuliko yote mnayotuuzia. Nileteeni mashine, gemu niwe nayo mimi. Huduma ikifa, nimepoteza gari, nyumba bado ipo.

Wale mnaotoa gemu nyingi kwa usajili mmoja, nanyi nawaheshimu, maana mmenifungulia gemu ambazo nisingethubutu kuzinunua bila kuzijua. Tatizo langu na nyinyi ni bei. Xbox Game Pass Ultimate ya Microsoft, ambayo ndani yake mna kutiririsha, ilitoka dola 19.99 kwa mwezi hadi 29.99 Oktoba 2025. Mtu ambaye gemu zake zote ziko huko, pamoja na mahali alipofikia katika kila moja, hana nafasi ya kutafakari bei mpya akiwa huru. Anafikiria bei huku mali yake iko ndani. Mpangaji aliyepandishiwa kodi anaweza angalau kubeba vitanda vyake.

Na kama ni upangaji, uitwe upangaji. Mwaka 2018 Capcom walitoa gemu yao ya Resident Evil 7 kwa njia ya wingu kwa ajili ya konsoli ya Nintendo Switch nchini Japani. Walimpa mtu dakika 15 za kujaribu bure aone mtandao wake unaweza, kisha wakamuuzia siku 180 kwa yeni 2,000. Siku 180, zimeandikwa. Wapo waliolalamika, mimi naona ni miongoni mwa mauzo safi yaliyowahi kufanyika kwenye biashara hii: unajua unachopata, unajua kinaisha lini, na umejaribu kabla. Linganisheni na kitufe kinachosema "Nunua" juu ya kitu ambacho hakitawahi kugusa mashine ya mnunuzi. California imeshatunga sheria, iliyoanza kufanya kazi mwaka 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie maneno ya kununua bila kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni. Msisubiri kila nchi iwalazimishe. Kubadilisha neno moja kwenye kitufe ni kazi ya mchana mmoja.

Msidhani pia kwamba jambo hili ni la wachezaji wachache wenye hasira. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliizuia Microsoft kuinunua Activision Blizzard Aprili 2023 kwa sababu ya gemu za wingu hasa, na ununuzi ule, mmoja wa mikubwa kuliko yote katika historia ya gemu, ukapita Oktoba mwaka huo baada tu ya haki za kutiririsha gemu za Activision kupewa Ubisoft. Wenye kupima mambo wanaona soko hili linakua. Sisi tulio ndani yake tunataka kujua tunakua kama wateja au kama mateka.

Ninachoomba, basi, ni ukurasa mmoja. Uwekwe kwenye tovuti yenu kabla ya ukurasa wa malipo, kwa lugha ambayo mdogo wangu anaweza kuisoma, na uwe sehemu ya mkataba, ili hata mkiuza kampuni, anayeinunua aurithi. Useme tutapewa taarifa ya miezi sita kabla ya kufunga, maana siku 111 zilikuwa chache hata kwa kampuni iliyojitahidi. Useme aliyenunua gemu moja moja atarudishiwa pesa au atapewa nakala ya kuiendesha kwenye mashine yake, na pesa za kufanyia hivyo zimetengwa mahali ambapo wadai wenu wengine hawazifikii. Kwa kampuni ndogo najua hili la mwisho ni zito. Kama hamliwezi, msiuze gemu moja moja; kodisheni muda na muuite muda.

Kila gemu ya usajili iwe na tarehe ambayo ruhusa yenu inaisha, ionekane ninapoichagua. Tarehe hizo mnazo. Ziko kwenye mikataba yenu. Nisipewe gemu ya saa mia moja ikiwa imebakiza siku ishirini bila mimi kujua.

Na faili za michezo zipakulike. Siku yoyote, na siyo wiki ya msiba tu. Nikisevu leo, leo hii niweze kulishusha faili langu likakaa kwangu, hata kama halitafunguka popote kwa sasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo faili ndilo daftari letu. Nimezungumza na watu wanaoandika programu na wote wameniambia kwamba katika yote niliyoyataja hili ndilo jepesi, kwamba gemu nyingi za kompyuta tayari huhifadhi mchezo kwenye faili la kawaida, na kwamba kinachohitajika ni kitufe na uamuzi wa mtu mwenye cheo. Ndiyo maana barua hii naielekeza kwenu na siyo kwa wahudumu wa wateja.

Bado nacheza. Jana usiku nilikaa na dogo kwenye kompyuta ile ile, safari hii na gemu ya mbio, feni kimya, mvua inapiga kioo cha mbele cha gari, na kwa muda wa saa nzima hakuna aliyekumbuka kwamba gari lile linaendeshwa kwenye chumba chenye seva mbali na sisi. Alinishinda raundi tatu kati ya tano. Mlipofikia hapo mmefika mbali, na kuna watoto wengi wasio na konsoli wala kompyuta ya maana ambao mnaweza kuwafikishia furaha ile kesho. Siku hizi, kabla hajaanza gemu yoyote ndefu, ananiuliza kwanza kama hii tunaweza kuondoka nayo. Nikimwambia hapana anachagua nyingine fupi. Ana miaka kumi na mitatu.

Usajili wangu wa kwanza unajilipa wenyewe tarehe 28 mwezi huu, wa pili tarehe 3 ya mwezi ujao. Nitazisoma kurasa zenu za masharti siku moja kabla ya kila tarehe.

Wenu,
Mchezaji anayelipa